Mlinzi wa Mistari Sitini na Moja

Jumapili, 2 Ashoj
Bwana Mingmar, mwenye kampuni, ametangaza kwamba Alhamisi tunafungua mauzo ya tiketi za mabasi ya sikukuu ya Dashain, Kathmandu nzima iende kwao. Ijumaa atamtaja mhandisi mkuu. Tunaowania ni wawili tu: mimi Niroj, na Pratigya Tuladhar. Lakini faili la mipangilio liko kwangu! Mistari sitini na moja: nywila za hifadhidata, funguo za malipo, funguo za kutuma ujumbe wa simu. Bila faili hilo mfumo hauwaki. Anayetaka nakala huja mezani kwangu, na haji mikono mitupu. Leo nimekunywa chai vikombe vitano. Tumbo linaunguruma kwa heshima.

Jumatatu, 3 Ashoj
Pratigya ameleta hoja kikaoni. Anataka faili la sampuli, lenye majina ya mistari tu, liwekwe kwenye msimbo wa pamoja, na siri zenyewe ziingie hazina yenye kufuli. Akaniuliza mbele ya watu: kaka, ukishikwa na homa Alhamisi, sisi tufanyeje? Nikamjibu kwamba siugui. Watu wakacheka. Nadhani walicheka pamoja nami.

Jumanne, 4 Ashoj
Mbinu. Nimebadilisha kimyakimya majina ya mistari tisa katika msimbo wa pamoja. Mfumo kwenye kompyuta ya Pratigya ukagoma, nikautengeneza kwa dakika mbili, Bwana Mingmar akiwa amesimama pale pale. Akasema, kumbe Niroj ni moto! Raha iliyoje. Baadaye mfumo ukagoma kwenye kompyuta yangu pia. Nilikuwa nimesahau jina la tisa. Nusu siku imepotea, ila hakuna aliyejua.

Jumatano, 5 Ashoj
Majaribio. Kuna mstari mmoja mtamu: ukiuandikia namba ya simu, ujumbe wote wa tiketi za abiria unakwenda namba hiyo. Nikaweka yangu. Safi kabisa. Sasa nina mafaili manne: jipya, jipya-zaidi, la-mwisho na la-mwisho-kweli. Moja nimelipandisha mwenyewe kwenye seva. Pratigya akaomba tulikague pamoja, mstari kwa mstari, hata robo saa tu, kaka. Nikamwambia mpishi mzuri haonjewi chungu.

Alhamisi, 6 Ashoj
Saa nne asubuhi tumefungua. Simu yangu ikalia: tiketi ya kwenda Jhapa. Nikajua ni salamu za heri. Ikalia tena. Ikalia mpaka ikawa ya moto, nikaifunga kwa leso. Tiketi elfu mbili mia tatu na kumi na nane, zote kwangu! Abiria nao wakapiga ofisini, wamelipa na hawana cha kumwonyesha kondakta. Mama mkwe naye alipiga, anakwenda Dhankuta, kwa sauti niijuayo: mkwe, tiketi yangu iko wapi? Nikamtuliza: mama, unayo, ninayo mimi. Akakata simu.

Pratigya aliufuta ule mstari, akawatumia abiria wote tiketi zao upya. Kabla ya chakula cha mchana mambo yalikuwa yametulia. Nakiri niliona haya, kwa muda.

Ijumaa, 7 Ashoj
Mhandisi mkuu ni Pratigya. Bwana Mingmar akasema, Niroj, kaa na dada yako akufundishe. Limeniuma. Nywila zote zimebadilishwa na kuwekwa hazinani. Hata hivyo, katika historia ya kampuni hii nani mwingine amepokea ujumbe wa abiria elfu mbili kwa asubuhi moja?

Jumapili, 9 Ashoj
Hazina ya Pratigya ni nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Hairuhusu kunakili faili. Lakini kutazama inaruhusu, na mimi nina macho na kalamu. Nimeandika siri zote sitini na moja humu shajarani, kwa wino mwekundu, kuanzia ukurasa unaofuata. Kompyuta huharibika; karatasi haihitaji hata umeme. Kesho naenda likizo. Shajara naiacha wazi juu ya meza, karibu na dirisha la wageni, wenzangu wakikwama wasihangaike kunitafuta. Mtu mkubwa hujulikana kwa kuwafikiria wenzake.