Ripoti Iliyojijaza Yenyewe

Karani alifika kijiweni hana hata salamu, akajitupa kwenye benchi na kutumwagia habari: ofisini kwao ripoti sasa inajijaza yenyewe.

"Ripoti ipi?" akauliza Fundi Viatu, kiatu cha mtu mapajani.

"Ya mahudhurio. Mtu akifika anabonyeza kidole mlangoni, saa yake inaingia kwenye kanzidata. Mimi nilikuwa nazitoa huko na kuzijaza kwenye Eksel, moja moja, siku tatu kila wiki. Sasa Eksel inazivuta yenyewe. Kufumba na kufumbua, imeshatumwa kwa bodi!"

Msomi wetu, aliyesoma kompyuta wiki mbili, ya tatu akaugua, akakohoa. "Rahisi tu. Kanzidata ni sufuria, Eksel ni sahani."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa upawa. Mchuzi umejifunza kujipakua."

Tulicheka mpaka Shangazi, muuza kahawa, akatua birika chini. Karani peke yake ndiye ambaye hakucheka.

"Jamani, nina watoto wanne! Leo bodi inaisoma ya kwanza, ya mwaka mzima. Bosi kasema wakimaliza ananipigia kuniambia kama bado nina kazi."

"Siku tatu kunakili saa za watu?" Shangazi akamkazia macho. "Mwanangu, hata mimi ningekufukuza."

"Kunakili ni nusu saa, Shangazi. Zinazobaki ni za utu." Akashusha sauti. "Mwenye mgonjwa, aliyenyeshewa, aliyegombana na mkewe, wote nawaandika saa mbili kamili. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyechelewa."

Fundi Viatu akaangusha nyundo. "Ofisi nzima?"

"Nzima."

"Siku za mwizi arobaini," Msomi akasema. "Wewe umepewa elfu nne. Shukuru Mungu."

Simu ikaita. Bosi! Karani akaitoa mfukoni. Shangazi akaipokonya, akabonyeza spika, akamrudishia.

"Karani! Ripoti imesomwa mbele ya bodi."

"Ndiyo, mkuu."

"Inasema kuna mtu mwaka mzima hajawahi kufika kabla ya saa tano."

"Lo! Ni nani huyo, mkuu?"

"Unamjua vizuri sana!" Bosi akashusha sauti. "Sasa sikiliza. Nimewaambia huo mtambo una virusi. Nimeuzima. Kuanzia leo ripoti ni kwa mkono, na mkono ni wako. Uko wapi?"

Fundi Viatu alikuwa ameng'ata soli asicheke.

"Mezani kwangu, mkuu."

"Safi. Endelea hivyo hivyo."

Simu ilipokatika, kijiwe kililipuka. Msomi alicheka mpaka akateleza benchini, Shangazi akapiga vigelegele, na mimi kahawa ilinitokea puani, nami sikujali, nilifurahi kama kazi ni yangu.

"Haya, kimbia basi, baba!" Shangazi akamsukuma begani. "Hii ni saa sita!"

Karani akanyoosha kikombe.

"Nikimbilie nini? Niongeze, Shangazi. Mimi nimeshafika tangu saa mbili."