Milango ya Pijo Chumbani Mwangu

Old Kampala,
Jumapili, 1975

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa Abubakar, Nairobi.

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, kwa sababu ndani viti vyote vimekaliwa na gari. Barua hii utaletewa na Bi Adero, anayesafiri kuja huko, mkono kwa mkono, haipiti posta. Sisi ni wazima, na nchi ni shwari kabisa kama redio inavyosema. Shida yangu ni ndugu yako Mansur, na chanzo cha shida ni wewe uliyemletea yale makopo ya rangi ya kupuliza. Nakueleza kwa mpangilio, ili hukumu yako iwe ya haki.

1. Ile Pijo yetu nyeupe unaijua. Mwezi uliopita waungwana fulani wenye miwani myeusi walifika kwa jirani yetu Farouk, wakalisifu gari lake, wakaondoka nalo. Wakamchukua na Farouk mwenyewe, eti akawaonyeshe gia inavyoingia. Lazima gia hiyo ni ngumu sana, maana Farouk hajarudi, na mkewe Rukiah bado anampakulia chakula kila siku na kukifunika.

Tangu hapo Mansur akaamua gari letu liwe baya. Aliniambia, "Mahfudha, gari zuri lina wenyewe. Baya ni la mwenye nalo." Sikumpinga. Ila sikujua kwamba gari hufanywa baya kipande kimoja kimoja, na kwamba kila kipande kitafanyiwa ubaya wake ndani ya nyumba, kwa kuwa uani kuna macho ya watu.

2. Boneti iko juu ya meza ya chakula. Mlango wa dereva unaning'inia chumbani kwetu, na nikigeuka usingizini kitasa kinanigonga. Madirisha yamefungwa. Mansur anatikisa kopo, kigololi cha ndani kinalia kokoro kokoro, kisha anapuliza, na nyumba nzima inakohoa. Mama yenu, ambaye hajaonja kileo tangu azaliwe, juzi alicheka peke yake tangu adhuhuri hadi alasiri, kisha akatuuliza ni nani anayeolewa.

3. Vioo vinatakiwa vifunikwe kwa magazeti ili visipate rangi. Lakini kila gazeti lina picha za wakubwa, na nani atathubutu kuwapulizia wakubwa rangi ya kijani usoni? Basi kazi yangu ni kuzikata picha hizo kwanza na kuzihifadhi kwa heshima ndani ya sanduku langu la nguo. Wakubwa wako sandukuni. Nguo zangu ziko sakafuni.

4. Hili ndilo lalamiko lenyewe. Mansur hawezi kufanya kazi mbaya. Unamjua tangu utoto. Anaosha bati kwa sabuni, analisugua kwa msasa, anapuliza kwa mbali, tabaka jembamba juu ya jembamba. Rangi ikichuruzika hata tone, anaikwangua na kuanza upya. Namkumbusha, "Baba Rahima, si tulisema liwe baya?" Ananijibu, "Baya ndiyo, lakini si la aibu."

Boneti ikatoka inang'aa, mtu angeweza kufungia kilemba mbele yake. Akaingia Koplo Ocen, jirani yetu wa jeshini, sigara ikiwaka mkononi. Nikamnyang'anya ile sigara kabla hatujalipuka sote. Yeye hakuniona hata kidogo. Alikuwa anaitazama boneti. "Muzee," akasema, "hii sasa iko sawa na gari ya jenerali!"

Mansur alikaa chini kama aliyepigwa. Koplo alipoondoka, akapuliza tabaka jingine, akachota vumbi la uani akalimwaga juu ya rangi mbichi, huku analia. Shemeji, siku ya harusi yetu hakutoa chozi.

5. Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, usitume kopo jingine. Pili, kama unamfahamu mwizi wa heshima huko Nairobi, mtume aje aibe Pijo hii kabla ya wengine. Tutampikia pilau. Mwizi wa kawaida huchukua gari akamwacha mtu, na kwa siku hizi huyo ni wa kushukuriwa.

Nisalimie wifi, watoto, majirani, na hata yule aliyekuuzia makopo, ingawa sijamsamehe. Mama anakuombea dua, akipata pumzi.

Ni mimi shemejio mvumilivu,
Mahfudha

Nyongeza. Bi Adero ameahirisha safari, na leo Jumatano mambo yamegeuka.

Mansur alikuwa ameshaliunganisha gari, nalo liko nje. Asubuhi wakaja wawili, na miwani yao. "Tunatafuta Pijo nyeupe." Mmoja alilizunguka gari: mlango wa kijani, boneti rangi ya zambarau yenye vipele kama chura, buti la kahawia.

"Muzee, nani alifanya hii?"

"Ni mimi, afande."

"Hii gari ilikukosea nini?"

Wakacheka hata wakavua miwani kufuta machozi, nikaona kumbe ni vijana tu. Wakaondoka. Gari wakaliacha, na mume wangu wakamwacha. Nilitaka kumpikia chai, nikavunja njiti tatu za kibiriti kabla moto haujawaka.

Baadaye Koplo Ocen akaja taratibu, bila sigara. "Mama, ambia Muzee anipakie na mimi madigadi ya pikipiki. Wakubwa wameanza kuuliza iko ya nani."

Basi, Shemeji, yote niliyoandika hapo juu yafute, na mwizi mwambie asisumbuke. Tuma makopo, mengi utakayopata. Wala usichague. Mwombe muuzaji zile rangi ambazo watu wote wamezikataa.