Kiti Kinachokua na Mtoto

Modest alipoona loji moja ya watalii ya Karatu inatupa viti vitatu vya watoto vya gari, aliona riziki. Vyote vilikuwa vya wachanga, vile vyenye mpini kama kapu. Chini viliandikwa mwaka wa kuacha kuvitumia, nao ulishapita. Modest akaukwangua kwa wembe, akavipaka mafuta ya kupikia, vikang'aa kama viatu vya mheshimiwa aliyekuja kuzindua bomba lisilo na maji.

Mteja akampata: Penina, mwenye gari la abiria aina ya Noah kati ya Karatu na Kansay. Mwanawe Neema, miaka mitatu, hushinda naye garini. Wiki iliyopita Penina alikanyaga breki ghafla kwenye shimo, Neema akagonga dashibodi, akashonwa nyuzi nne kwenye paji. Shimo lile limemzidi Neema umri. Wenye dhamana ya barabara wanalijua sana, hulikwepa kwa ustadi na magari ya serikali. Kuna wanaume huku wanalala peke yao kwa sababu ya shimo hilo, wake zao wako makaburini.

"Dada'ngu, hiki kinakua na mtoto," Modest alisema.

"Kinakuaje?"

"Teknolojia. Mtoto akiongezeka kilo, plastiki inasikia, inafunguka taratibu."

Penina akamketisha Neema. Magoti yakafika kidevuni.

"Mbona kama kuku wa mnadani?"

"Leo tu. Kipe wiki."

Penina hakuwa mshamba. Leonce, dereva wa watalii, alishamweleza: angalia uzito na urefu, umri unadanganya, mkanda ukae usawa wa mabega, kichwa kisizidi mgongo wa kiti. Tena alimnong'oneza kwamba Modest ana kiti kimoja kizima, kikubwa, amekificha aiuzie kampuni ya watalii.

"Basi andika," Penina alisema. "Mzee Inosenti, balozi wetu wa nyumba kumi, awe shahidi."

Karatasi haikumtisha Modest. Ahadi zilizoandikwa zimejaa makabati ya nchi nzima na hakuna aliyewahi kuugua kwa ajili yake. Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Mimi Modest nimeuza kiti kinachokua na mtoto wa Penina. Kisipomtosha mtoto wake, nitaleta kinachomtosha." Akasaini, akaondoka na beberu wa Penina kama malipo. Jioni beberu alikuwa supu.

Wiki ikaisha. Noah ikasimama mlangoni kwa Modest. Wakashuka Penina, balozi, Neema, na watoto wengine wawili: Wilson wa miaka sita na Julius wa miaka tisa.

"Hakijakua," Penina alisema.

"Neema tutamwangalia. Hawa wengine wa nani?"

"Wa dada zangu."

"Basi si wako!"

Mzee Inosenti akavua miwani. "Modest, mdogo wa mama yako unamwitaje?"

"Mama."

"Na yeye anakuitaje?"

Modest akatazama kuku wakipita.

"Sema, baba, tusikie."

"Mwanangu."

"Ehee!"

"Ungeandika Neema," Penina alisema. "Wewe umeandika mtoto."

"Dada, hayo ni maonevu!"

"Kesho ni mnada. Mwenye spika nimeshaongea naye, atasoma karatasi yako kuanzia saa tatu, katikati ya matangazo ya dawa ya kupe."

Modest aliiona biashara yake yote ikizikwa mchana kweupe. Akaingia ndani, akatoka amebeba kile kiti kikubwa, kimefungwa kwenye shuka kama maiti. Penina akakagua tarehe, akamwamuru Modest mwenyewe akifunge kwenye siti ya nyuma ya Noah, kisha akakitikisa kwa mikono miwili. Hakikucheza. Neema akaketi. Mkanda ukalala vizuri mabegani, kichwa kikabaki ndani.

"Sitoki," Neema alitangaza.

"Usitoke, mama," Penina alisema, akampapasa paji taratibu pale penye kovu.

Kwa Wilson na Julius, Modest akaapa kuleta viti vya kuwanyanyua mpaka mkanda wa gari uwakae begani, siyo shingoni. Balozi akaandika siku ya mwisho: Ijumaa.

"Tumemalizana?" Modest aliuliza, jasho likimtoka.

Mlango wa mbele wa Noah ukafunguka. Akashuka Dorkasi, dada mdogo wa Penina, polepole, mkono mmoja kiunoni, tumbo likimtangulia.

"Daktari anasema ni mapacha," alisema.

"Wanangu hao," Penina alisema. "Na wao waandalie viti vipya."