Ombi la Kuhojiwa Kuhusu Daraja la Miguu

Kwa Katibu,
Tume ya Malalamiko ya Wananchi.

Ndugu Katibu,

YAH: KUOMBA NIWAJIBISHWE KWA DARAJA LILILOSOMBWA NA MAJI

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, maana mara nne nilizokuja mwenyewe sikubahatika. Siandiki kukulaumu. Nimelaumu watu miaka miwili, na sasa nimegundua kuwa muda wote huo nilikuwa namlaumu asiyehusika. Naandika kujisalimisha.

Kati ya mtaa wetu na zahanati kuna korongo, na juu ya korongo palikuwa na daraja la miguu. Mvua ya siku tatu ililichukua, ikatuachia nguzo moja. Mama yangu ana miaka sabini na minne, ana kisukari, na mguuni ana kidonda ambacho lazima kisafishwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Korongo likiwa kavu, nambeba mgongoni, tunateremka upande huu na kupanda ule. Likijaa, hatuvuki. Muuguzi ametuambia bila kupepesa macho kwamba mguu huo hautamaliza msimu mwingine wa mvua, utakatwa. Mvua zinaanza baada ya wiki tano. Ndiyo maana nina haraka, jambo ambalo najua halimo katika taratibu zenu.

Sababu za kujishtaki ni hizi:

1. Nilianza, kama mjinga mwingine yeyote, kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema daraja ni la halmashauri. Halmashauri wakasema korongo ni la idara ya maji. Idara ya maji wakakiri kwamba maji ni yao, ila yakiwa yametulia. Yakishabeba daraja yanakuwa maafa. Ofisi ya maafa wakaniuliza wamekufa wangapi. Nikasema hakuna. Karani akafunga daftari taratibu, akaniambia, "Basi mshukuru Mungu, baba," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunihudumia.

2. Jibu nililipata kwenye mkutano wa hadhara. Ulifanyika Jumatano, kwenye uwanja wa zahanati, nikiwa nimempeleka mama. Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, mtu asiyejua kuzunguka mbuyu, alisimama akauliza, "Mheshimiwa, nani anawajibika kwa lile daraja?" Mheshimiwa mbunge akatabasamu, akatandaza mikono. "Ndugu zangu, tusidanganyane. Serikali ni nani? Serikali ni ninyi." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Ni pale korongoni, wakati wa kurudi, mama akiwa mgongoni na matope yakinifika magotini, ndipo nilipoelewa nimepigia makofi kitu gani. Kama serikali ni sisi, na serikali ndiyo iliyolitelekeza daraja, basi mkosaji ni mimi, na aliyekosewa nimembeba.

3. Sikutaka kujihukumu kwa neno la mtu mmoja, hata akiwa mheshimiwa. Nikaisoma katiba mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Imeandikwa waziwazi kwamba mamlaka yote yanatoka kwa wananchi. Nikaikagua nyumba yangu chumba kwa chumba. Hayamo. Yametoka kweli.

4. Ushahidi dhidi yangu ni mzito. Nafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, na wakati wa uchaguzi tulimchapia Mheshimiwa mabango elfu mbili. Picha ya daraja niliichagua mimi. Yeye hakuwa na picha, wala ramani, wala nia, alisema tu, "Weka daraja zuri." Nikaweka la nchi ya mbali, lenye taa pande zote mbili. Kisha nikaenda kupiga kura, nikasimama kwenye foleni kwa saa tatu, nikampa kura yangu kwa sababu nilivutiwa na lile daraja. Bango moja bado limebandikwa kwenye ile nguzo iliyobaki. Kwa sasa ndilo daraja pekee tulilonalo.

5. Nikaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu, mama mtu mzima mwenye miwani, akaniuliza nimemuua nani. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, umekula leo?" Nikasisitiza kwamba nimekuja kukamatwa. Akasema, "Nikikukamata wewe kwa sababu ni mwananchi, na mimi je? Mimi ni mgeni hapa? Mahabusu watalindwa na nani?" Hoja yake ilikuwa na mashiko kuliko zote nilizosikia katika ofisi zote nilizopita. Aliandika maelezo yangu, jina langu na nyumba ninayoishi, nadhani ili niondoke.

6. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kunichunguza, niliunda tume ya kunichunguza, mwenyekiti nikiwa mimi na katibu mke wangu. Nikajiita nifike mbele ya tume Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye meza ya chakula. Sikutokea. Nilikuwa korongoni na mama. Tume ikapokea udhuru wangu na kujiongezea miezi mitatu. Katibu akasema, "Muda huu wote si ungekuwa umeshatafuta mbao, baba watoto?" Maoni yake hayakuingizwa kwenye kumbukumbu kwa sababu hayakuhusiana na hadidu za rejea.

7. Ripoti imekamilika. Nimezuiwa kuisoma.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, naomba mniite. Niketishwe mbele ya watu, niulizwe swali ambalo hakuna aliyeulizwa tangu daraja liondoke: ulikuwa wapi? Nisiruhusiwe kujibu kwamba mchakato unaendelea. Nisiruhusiwe kunywa maji katikati ya sentensi. Nikikutwa na hatia, nivuliwe uananchi, na nafasi yangu itangazwe ili waombe wenye sifa. Ninashauri pia niamriwe kulijenga daraja hilo. Najua adhabu hiyo ni kali mno na haijawahi kutolewa kwa kiongozi yeyote. Ikionekana inakiuka ubinadamu, basi nifanyiwe kama mnavyowafanyia wengine wanaoharibu kazi: nihamishwe. Naomba nihamishiwe ng'ambo ya korongo, pamoja na mama, kwani ndiko iliko zahanati.

Nisalimie mlinzi wa getini, ambaye sasa ananiita kwa jina la utani. Msalimie msaidizi wako aliyesafiri kikazi. Huu ni mwezi wa saba tangu niambiwe yuko safarini, mpe pole. Wasalimie na walio nyumbani kwako. Mama naye anakusalimu, na anauliza kama mama yako bado yu hai, na kama anatembea.

Nabaki kuwa mwenye makosa yote,

Mwananchi.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha askari wawili walipobisha hodi. Walikuwa na yale maelezo niliyoandikisha kituoni. Mrefu wao, mtu wa adabu sana, akanieleza kwamba suala limefika juu na kwamba mbao, nondo na saruji vipo tayari ghalani; wiki tatu zinatosha. Kilichokuwa kimekwama ni fomu moja, yenye mstari chini unaosomeka "Mtu anayewajibika". Imezungushwa kila ofisi na hakuna aliyetia sahihi. Akasema, "Tumesikia wewe unataka. Weka jina lako hapa, mzee, kesho lori linakuja." Nikaishika kalamu. Nikausoma ule mstari, nikausoma tena. Nikawaambia kwamba kwa nafasi niliyonayo itakuwa vigumu kulisemea jambo hilo, na kwamba wangefanya vizuri kumwona jirani yangu, fundi cherehani, ambaye naye ni mwananchi tena amekaa mtaani miaka mingi kunishinda. Wameshukuru, wameondoka. Nimewaona wakitoka kwa fundi cherehani wakielekea nyumba ya tatu. Kwa hiyo naomba barua hii isifanyiwe kazi. Mama ameuliza kutoka chumbani ni akina nani wale, na wamesema nini kuhusu daraja. Nimemjibu kwamba suala lake linashughulikiwa.