Cheti cha Ushirazi

Komba alishuka Kilwa Masoko na begi la miwani ya jua ya Kichina, na kwa siku mbili hakuuza hata moja. Siku ya tatu, akinywa chai kwenye gesti ya Hasani, alimsikia mwenye gesti akimwambia mgeni kwamba babu yake alitoka Uajemi. Alilisema hilo kwa lafudhi tupu ya Nyangamara, kijiji cha Wamwera. Komba akaona riziki imejileta yenyewe.

Kesho yake alikuwa ameshajigeuza Dokta Sabir, mtaalamu wa vinasaba kutoka Maskati. Alikodi chumba hapo hapo gestini. Unafungua mdomo, anakupitishia kijiti cha pamba shavuni, anabonyeza kompyuta, unatoka Mshirazi mwenye cheti cha mhuri wa dhahabu. Kuna mfuko wa fedha huko ng'ambo, alisema, utakaowalipa warithi wa masultani kwa dola.

Mji ukapanga foleni, jamani! Watu wa Kilwa, mji uliowahi kutengeneza sarafu zake wenyewe, walikuwa wakimwachamia muuza miwani ili wahakikishiwe kwamba si wa hapa. Hata mwalimu mstaafu wa uraia alikuja, akaomba aongezewe Uturuki kidogo.

"Bwana mkubwa, damu yako ya ikulu," Dokta alimnong'oneza Hasani. "Asilimia tisini na nne!"

"Na hizo sita?"

"Wareno."

Hasani nusura alie kwa furaha. Cheti cha daraja la sultani kilikuwa ghali, naye hakuwa na fedha, basi akatoa hati ya shamba la ufuta la Nyangamara, walilorithi kwa mama yao yeye na dada yake Mwahija.

Mwahija ndiye aliyekuwa mpishi wa gesti. Shamba lile ndilo alilolitegemea kwa uzee wake, maana mume hakuwa naye tena na mtoto hakujaliwa. Habari za hati zilimkuta jikoni anakuna nazi. Akaiacha nazi. Alikuwa ameishi Songea miaka sita kwa mumewe, na jana yake tu alimsikia huyu mtu wa Maskati nyuma ya jiko akiongea na mama yake kwenye simu, kwa Kingoni safi.

Aliingia ukumbini watu wamejaa, akamsalimu Dokta kwa Kingoni. Dokta akaitikia kabla hajajizuia.

"Mngoni huyu!" Mwahija alipaza sauti. "Wa Songea kabisa!"

Watu wakamzunguka. Mmoja akataja polisi. Komba akautazama mlango, akauona uko mbali, lakini maneno yalikuwa hayajamwishia.

"Watani wangu!" alicheka akipiga makofi. "Wamwera nyie, siku nne nzima hamjashtuka! Huu utani tu. Nani anampeleka mtani wake polisi?"

Wakabaki wanatazamana. Kweli, Wangoni na watu wa huku ni watani tangu vita vya mababu, na mtani hashitakiwi.

"Hashitakiwi," Mwahija alikubali. "Ila naye akichukuliwa kitu, hanuni." Akalibeba begi la Dokta, lenye fedha zote na hati ya shamba.

Hapo Washirazi wote wa foleni wakakumbuka ghafla kwamba wao ni Wamwera na Wamatumbi. Huyu alichukua kompyuta, yule viatu, na mwalimu wa uraia akaridhika na mkanda. Komba akawa anacheka, maana angenuna ingekuwa si utani tena. Alipanda basi la Lindi pekupeku, suruali kaishika kwa mkono, bado anacheka, machozi yanamtoka.

Mwahija akawarudishia watu fedha zao. Vyeti hakuna aliyevirudisha. Kisha Hasani akamsogelea.

"Dada, na hati?"

Mwahija alikuwa ameshaifunga kwenye pindo la kanga. "Hili shamba la Wamwera, Hasani. Hebu sema mbele ya watu, wewe mtu wa wapi?"

Wakati huo wageni wawili wa Kizungu walikuwa wamesimama mapokezi na mabegi yao. Hasani akawatazama, akakitazama cheti.

"Mshirazi," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi kalime Uajemi," akasema dada mtu, akarudi jikoni.