Kiini Kimoja Kimezimwa

Jumatatu, 10 Machi 2025
Watu watatu dukani. Wawili waliuliza stesheni iko wapi. Wa tatu ni Advera, katibu wa kwaya yetu, na nyimbo za Kwaresima za kuchapa. Alikaa kwenye benchi, akanisimulia kuhusu mbuzi wake mgonjwa. Dakika kumi na moja! Tangu binti yangu Stela aolewe Bukene, hakuna aliyekaa hapa muda huo. Nikamweleza kuhusu kompyuta yangu: prosesa, yaani ubongo wake, ya viini viwili vinavyogawana kazi, kasi ya gigahezi mbili nukta tano, wati sitini na tano, ya mwaka 2009 na haijawahi kuungua. Akasema hongera. Kazi ikaisha, akaondoka. Mashine ina haraka mno.

Jumanne, 11 Machi
Kapita fundi Masanja. Anasema niitupe kompyuta, tundu la prosesa halipokei mpya yoyote. Nikamuuliza kama inaweza kwenda polepole zaidi. Alinitazama sana. Akasema kiini kimoja kinaweza kuzimwa kwenye mipangilio, ila hajawahi kuona mtu anayetaka hivyo. Nimekizima. Kilichobaki kinafanya kazi zote peke yake. Naijua hali hiyo.

Alhamisi, 13 Machi
Advera kaleta kurasa nne. Dakika arobaini! Mbuzi kapona. Nimeyajua majina ya ndugu zake wote. Aliangalia saa mara tatu. Labda imeharibika.

Jumamosi, 15 Machi
Hakuja. Nikamwona ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Wenceslaus, naye anachapa, kwa kompyuta mpya. Dakika nne, katoka na nyimbo mkononi. Nikajifanya nafagia. Akavuka mwenyewe kunisalimia, akasema wanakwaya wanamsubiri na kwangu siku hizi anachelewa. Nikashindwa kuvumilia, nikakiri yote: kiini nilichokizima, na kwa nini.
"Kaka Tobias," akasema, "ungeniambia tu nikae. Ningekaa."
Akaenda mazoezini. Nilifagia mpaka jioni, mahali palepale.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa kanipungia mkono kutoka mbali. Nimepika ugali wa mtu mmoja, ukabaki. Nimetafakari maneno yake mchana kutwa, na kosa nimeliona: dakika arobaini zilizidi. Kiini cha pili nimekiwasha. Kesho nalegeza waya wa printa, kidogo tu.