Tabibu wa Ilomba na Mtamba wa Mbuke

Liberatus wa Ilomba hakuwa mganga, lakini alikuwa na koti jeupe, na Mbeya koti jeupe ni nusu ya chuo kikuu. Siku ya mnada Madibira alimwona mama wa Kisukuma, Mbuke, akishindwa kufungua chupa ya maji. Vidole vilikuwa vimevimba, vinamuwaka moto. Nyuma yake, ng'ombe. Tabibu akajawa na huruma, hasa alipomaliza kuwahesabu.

"Mama, hiyo ni sumu ya damu. Nina unga wa mizizi. Wiki moja tu!"

"Nitakamua tena, mwanangu?"

"Utakamua mpaka wakukimbie!"

Unga wenyewe ulikuwa mwarobaini uliotwangwa pamoja na vidonge vya prednisoloni, dawa kali ya hospitali. Tumpe haki yake: ulifanya kazi. Ugonjwa wa Mbuke, baridi yabisi, ni kinga ya mwili iliyochanganyikiwa, inavamia viungo vya mwenyewe, na vidonge vile huituliza haraka. Mbuke akakamua. Kwa furaha akamkabidhi Liberatus mtamba mwenye mimba.

"Akae kwako. Akizaa, kunywa maziwa."

Nani angeuliza zaidi? Liberatus akajenga banda Ilomba, akamlisha pumba kila siku, akamwita Mtaji, naye akazaa.

Baada ya miezi mitano Mbuke alikuwa na uso wa duara, kiu isiyoisha, na sukari iliyomtisha hata Gloria, nesi wa kliniki.

"Mama, huo uvimbe wa viungo peke yake unakula misuli na kuvuruga sukari. Halafu mtu anakuongezea vidonge ndani ya unga, bila kipimo!"

Wakampunguzia vidonge taratibu, wakamwanzishia dawa ya kweli, ya mara moja kwa wiki. Sukari ikashuka, vidole vikatulia. Ndipo Mbuke alipotokea Ilomba na lori la Fuso, Gloria na mjumbe wa mtaa.

"Nimefuata ng'ombe wangu na ndama."

"Si ulinipa?"

"Sisi Wasukuma ng'ombe tunamweka kwa rafiki. Anatunza, anakunywa maziwa. Ng'ombe na uzao ni wa mwenyewe. Dawa nisiyoijua ningeilipia ng'ombe, mimi?"

"Yalikuwa malipo!"

"Malipo ya nini?" mjumbe akauliza, akifungua daftari. Gloria akatoa kifuko cha unga mkobani.

Liberatus akautazama unga wake.

"Ya… hapana. Nilikuwa namtunzia tu mama."

Majirani wakampigia makofi kwa uaminifu wake. Mtaji, aliyezoea pumba za mjini, akagoma kupanda Fuso, ikabidi Liberatus amsukume kwa bega lake mwenyewe. Gloria alisimama pembeni na kifuko chake, akisubiri amalize ya ng'ombe, waanze ya unga.